Gari Lililozimika kwa Khasandi

Mmbone, mama,

Mambo ya blanketi, ya sabuni, ya kutotembea ovyo stesheni na ya kuandika barua kila mwezi umekwisha kuambiwa na mama yako. Nimemsikia kupitia ukutani tangu tulipomaliza kula, na hapo sina la kuongeza. Sanduku lako nimelifunga kamba mara mbili. Kesho utapanda basi la Nakuru uende ukasomee uuguzi, nami nitasimama pale kama gogo, maana unanijua, mdomo wangu hufungika siku zile ambazo ingefaa ufunguke. Ndiyo sababu naandika. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho walichonifundisha kuandika jeshini. Lugha yetu ya nyumbani naijua kwa mdomo tu.

Nataka kukueleza habari za Kukhu Khasandi, yule nyanya wa msituni aliyekuwa akituletea uyoga wakati wa mvua. Siku moja ulisimama mlangoni pa gereji ukaniuliza ameenda wapi. Nilikuambia amehamia kwa ndugu zake. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Ulinitazama kwa muda, kisha ukaokota vitabu vyako ukaenda. Nadhani ulijua kuwa nimeficha kitu. Sasa nitakuambia.

Unalikumbuka gari la Mwalimu Shivachi, lile jeusi la Kiingereza, la kabla ya vita, lenye taa kubwa zilizotokeza kama macho ya chura. Lilifika kwetu mwaka uliofuata Uhuru. Mwalimu alikuwa mkuu wa shule ya ng'ambo ya msitu, na alilipata kwa mzungu mmoja wa Lumakanda aliyekuwa akifunga virago, wakati mashamba ya kule yakigawiwa watu wetu. Miezi ya kwanza lilitembea bila neno. Mwalimu hakulipeleka popote ila njia moja: Ijumaa kuja mjini, Jumapili kurudi shuleni, na msitu katikati.

Kisha likaja jua kali la mwezi wa kwanza. Siku moja Mwalimu alifika gerejini kwa miguu, viatu vimejaa vumbi jekundu.

"Limezimika, Fundi."

"Wapi?"

"Kwenye kona ya kijito. Pale kwa Khasandi."

Nilichukua vifaa vyangu, tukaenda kwa baiskeli. Tulipofika nilizungusha hendeli, kile chuma cha kuwashia kwa mkono, mara moja tu, gari likawaka. Nilimcheka. Nilimwambia gari la zamani ni kama mzee, halipendi kuamrishwa. Yeye hakucheka.

Wiki ya pili likazimika tena, pale pale. Jumapili akitoka mjini, lilizimika kwenye kona ile. Ijumaa akitoka shuleni, lilizimika kwenye kona ile ile, upande wa pili wa daraja. Kona hiyo iko katikati kabisa, mwendo wa kama dakika arobaini kutoka kila upande. Lakini wakati ule hakuna aliyehesabu dakika. Watu walihesabu kona.

Nivumilie kidogo hapa, mama, maana bila haya huwezi kuelewa kosa langu. Gari la petroli linaishi kwa cheche. Betri inatoa moto mdogo. Moto huo unaingia kwenye koili, mkebe unaoenea kiganjani, wenye waya mwembamba kama unywele uliozungushwa ndani mara maelfu. Koili inaukuza, halafu distribyuta inaugawa kwa plagi, kila moja kwa zamu yake. Cheche ikikosekana, unabaki na chuma kilichokaa barabarani. Nilibadilisha plagi. Nikabadilisha pointi na kondensa, vidude viwili vya ndani ya distribyuta. Nikafuata waya mmoja baada ya mwingine kwa vidole, nikitafuta mahali ulipochubuka. Koili niliipima pale gerejini asubuhi, ikatoa cheche ndefu ya buluu iliyolia kama kijiti kikivunjwa. Nikasema hii ni nzima, nikairudisha mahali pake.

Jumapili iliyofuata likazimika kwa Khasandi.

Nikaamua kupanda gari mwenyewe. Tulitoka mjini baada ya ibada, jua la saa saba, Mwalimu kwenye usukani na mimi nikiwa nimetega sikio. Injini ilikuwa ikiimba vizuri. Tuliingia msituni, na unajua jinsi mwanga unavyobadilika pale, kama mtu amekuwekea mkono machoni. Tulipanda mlima, tukateremka, na nilipoanza kuiona ile kona, Mwalimu alishika usukani kwa mikono yote miwili, midomo ikichezacheza. Alikuwa akisali.

Injini haikukohoa. Ilinyamaza tu. Gari likatembea kwa uzito wake hadi karibu na kijito, likasimama.

Mmbone, nimekaa vitani, nimesikia kimya cha namna nyingi. Kimya cha pale kilikuwa kingine. Nyani waliokuwa wakirukaruka juu yetu hawakusikika tena. Nilisikia chuma cha moto kikitoa milio midogo chini ya boneti, tik, tik, na Mwalimu akipumua. Nilifungua mlango, na kabla mguu wangu haujagusa ardhi, Khasandi alikuwa amesimama kando ya barabara.

Sikumsikia akija. Alikuwa na kibuyu cha maji mkononi na kitambaa cheupe kichwani. Hakuonekana kushangaa.

"Mulembe," alitusalimu. "Limelala?"

"Limelala, Kukhu."

"Limechoka. Linachokanga hapa. Liacheni lipumzike."

Nilimwitikia kama unavyomwitikia mzee, huku akili yangu iko kwingine. Nilichomoa waya wa plagi, nikamwambia Mwalimu azungushe hendeli. Hakuna cheche. Nikajaribu plagi ya pili, ya tatu. Hakuna. Nilifungua distribyuta nikasugua pointi kwa msasa, na msasa ukaniponyoka mara mbili. Khasandi alikuwa ameketi kwenye jiwe ng'ambo ya barabara. Jambo lililonitia baridi ni kwamba hakuwa akiitazama injini, wala sisi. Alikuwa akiutazama mlango wa nyuma wa gari, kama anayengoja mtu ashuke. Nilijikuta nageuka kuangalia kiti cha nyuma. Hapakuwa na mtu.

Tulikaa pale muda mrefu. Nilirudisha kila kitu nilichofungua, na nilipokuwa nanyosha mkono kuishika hendeli, alisema kwa sauti ya chini:

"Sasa litawaka."

Nikazungusha. Likawaka.

Nilipoinua kichwa, jiwe lilikuwa tupu.

Mwalimu aliendesha mpaka shuleni. Hapo alizima gari, akabaki ameketi. "Umesikia alichosema?" akaniuliza. Nilimwambia nimesikia. "Alijuaje?"

Kesho yake nilirudi mjini kwa baiskeli ya kuazima, na nilipopita kwenye kona ile nilikanyaga pedali kama mtoto anayekimbizwa.

Sasa nakuja kwenye lile lenyewe. Mimi nilikuwa na sifa, mama. Tangu nitoke jeshini, Kakamega nzima ilijua kwamba hakuna injini iliyonishinda. Nililipenda neno hilo. Watu walilisema nami nilijifanya silisikii, lakini lilikuwa likiniingia kama chai ya moto asubuhi ya baridi. Siku moja nilikuwa nimeketi kwenye hoteli ya chai karibu na soko, na Ingutia akaingia. Ingutia alikuwa na duka kwenye njia panda ya kuingilia msituni, na mwezi ule ng'ombe wake wawili walikuwa wamekufa bila kuugua. Aliketi mbele yangu, na watu wakanyamaza wasikie.

"Fundi," alisema, "gari la Mwalimu limekushinda?"

Mdomoni mwangu kulikuwa na majibu mawili. La kwanza lilikuwa fupi: sijui lina nini. Ningelisema hilo, tungekunywa chai, wangenicheka kidogo, na dunia ingeendelea. Lakini watu walikuwa wakinitazama. Nikasema:

"Gari ni zima. Nimelipima lote. Tafuteni ugonjwa wenu barabarani."

Nilitabasamu nilipokuwa nasema. Nilitaka ionekane kama mzaha, na nilitaka pia waamini. Ingutia hakutabasamu. Alisema, "Barabarani wapi?" Nami, Mungu anisamehe, sikusema kitu. Nilichukua kikombe nikanywa. Kila mtu pale alijua ni barabarani wapi.

Siku ya tatu walikwenda kwa Khasandi, mchana kweupe, watu kama kumi na watano. Sikuwako. Nilihadithiwa. Hawakumpiga. Walimwambia atoe vitu vyake, akatoa. Waliezua nyasi, wakang'oa miti ya nyumba mmoja mmoja, wakaitupa kijitoni. Wanasema yeye alisimama kando akiitazama barabara muda wote, hata hakugeuka wakati ukuta ulipoanguka. Wakasema: mnaona? Hata kulia halii. Huyo si mtu.

Alipita mbele ya gereji yangu saa tisa siku hiyo, mzigo kichwani, akielekea stesheni ya basi. Nilikuwa chini ya lori. Niliona miguu yake kwanza, imekauka, ina vumbi, na ilisimama. Nilikaa chini ya lori, mama. Nilishikilia spana ambayo haikuwa imeshika nati yoyote. Akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Fundi," aliniuliza kwa upole, "lile gari limepona?"

Nilisema, "Bado, Kukhu."

"Aa," akasema. Akainuka akaenda. Ndipo ulipotoka shuleni ukamwona kwa mgongo, ukaniuliza, nami nikakujibu nilivyokujibu.

Lililonitisha zaidi ni lililofuata. Gari likapona.

Sikugusa kitu. Mvua zilianza wiki ile ile, na Mwalimu akapita kwa Khasandi Ijumaa na Jumapili, Ijumaa na Jumapili, mwezi baada ya mwezi, na gari halikuzimika hata mara moja. Watu walinisimamisha njiani kunipa mkono. Ingutia aliniletea ingokho, jogoo mzima mwekundu, na mama yako akakataa kumchinja. Alimfungua kamba akamwacha aende zake.

Nami nikaanza kuamini. Neno nililolisema kwa kiburi lilinirudia likiwa kweli. Mwalimu akiniletea gari nibadilishe mafuta, niligusa boneti kwanza kwa nyuma ya mkono, kama unavyompima mtoto homa. Nilikuwa nikimwomba jirani azime redio nipate kusikia injini inavyonyamaza. Mara mbili niliota niko kwenye kiti cha nyuma cha gari lile, na mlango haufunguki, na nje kuna mtu amesimama na kibuyu, ananitazama bila kunitambua.

Mwezi wa kumi na mbili jua lilirudi. Mwalimu alipata msiba upande wa Mumias, akaniomba nimsindikize, maana ilikuwa safari ndefu kuliko alizozoea. Tulitoka asubuhi kukiwa tayari na joto. Njia ile unaijua: imenyooka, mashamba pande zote, anga wazi, hakuna msitu. Tulikuwa tukizungumza habari za mitihani. Injini ikanyamaza.

Haikukohoa. Ilinyamaza tu, vilevile. Tukateleza mpaka kando, tukasimama. Hatukutazamana.

Mwalimu ndiye aliyetazama saa yake. Sijui kwa nini. Mwalimu ni mtu wa kengele, labda ni mazoea. "Dakika arobaini na mbili," akasema.

Nilitoka nikafungua boneti. Hapakuwa na cheche. Na kwa mara ya kwanza tangu gari lile lilipoanza kuzimika, niliweka kiganja changu juu ya koili. Nikakiondoa upesi. Ilikuwa moto kama sufuria.

Mzee mmoja alipita na baiskeli, kofia nyeupe kichwani, mtungi wa maji nyuma. Alitusalimu, "Asalaam aleikum, gari limekataa?" Nilimwomba maji kidogo. Nilivua fulana yangu, nikailowesha, nikaifunga kwenye koili. Tulikaa. Yule mzee alitaka kuona, akakaa nasi. Maji yalitoa mvuke, kisha yakaacha. Nilizungusha hendeli.

Likawaka.

"Kwa hiyo ni hii tu?" Mwalimu aliuliza.

"Ni hii tu."

Waya ule mwembamba ndani ya mkebe ulikuwa umekatika mahali fulani. Ukiwa baridi, ncha mbili zinagusana na cheche inapita. Ukipata joto, chuma kinatanuka, ncha zinaachana. Ukiachwa upumzike, unapoa, zinagusana tena. Wakati wa mvua hewa ilikuwa baridi, koili haikufikia joto hilo. Na mimi nilikuwa nikiipima asubuhi, gerejini, ikiwa baridi.

Limechoka. Liacheni lipumzike. Khasandi aliniambia ugonjwa na dawa, Mmbone, kwa maneno matatu, nami nikamwitikia kama unavyomwitikia mzee.

Mwalimu aliketi kwenye nyasi akaficha uso wake. Yule mzee wa baiskeli alidhani analia kwa ajili ya msiba, akampa pole.

Nilipomweleza mama yako jioni, alikuwa akisonga obusuma. Hakuacha kusonga. Alisema neno moja: "Kwa hiyo?" Nikasema koili nyingine italetwa kutoka Kisumu. Akaweka mwiko chini. "Sikuulizi habari za koili," akasema.

Nilimtafuta Khasandi wiki mbili. Nilimpata Lumakanda, kwa binti wa dada yake aliyepewa shamba kule. Alikuwa ameketi nje akipukuchua mahindi. Alinikaribisha kiti. Nilimweleza yote, nikimwonyesha kwa vidole jinsi waya unavyoachana na kugusana. Yeye aliendelea kupukuchua. Nilipomaliza alichagua punje mbovu akawatupia kuku.

"Kwa hiyo ulikuwa hujui," akasema.

"Sikujua, Kukhu."

"Na mbona hukusema hujui?"

Swali hilo, mama, sijalijibu mpaka leo. Baadaye, ili niseme kitu chochote, nilimuuliza alikuwa akijuaje kwamba tumesimama, maana alifika kabla hatujashuka.

"Nilikuwa nasikia," akasema. "Wakati wa vita lori la jeshi lilipita kuchukua vijana. Lilichemsha maji pale kwenye kona, likasimama, na kijana wangu akapanda hapo. Hatukuambiwa kama alikufa. Hatukuambiwa kitu. Basi gari likinyamaza pale, nilikuwa natokanga niangalie nani anashuka."

Mimi nilipanda lori kama lile wakati ule ule. Mimi nilishuka. Sikuweza kumwambia.

Nilimwomba msamaha. Alisema, "Usiniambie mimi. Mimi nilijua siku zote kwamba sikufanya kitu. Nenda uwaambie waliovunja nyumba."

Nilikwenda. Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho hakuna aliyenifundisha jeshini. Nilimwomba chifu nafasi kwenye baraza. Nilibeba betri, ile koili mbovu, kipande cha waya na sufuria ya maji ya moto juu ya jiko. Nikafikiri: nitawaonyesha kwa macho, hakuna atakayebisha. Nikaunga nyaya, nikagusisha, nikaachanisha. Cheche ikaruka, buluu, ikalia. Watu wakasogea. Nikaitumbukiza koili kwenye maji ya moto mpaka shingoni, nikangoja, nikagusisha tena. Hakuna. Nikaitoa, nikaiacha ipoe huku nikisema maneno yote niliyopaswa kusema: kwamba nilidanganya, kwamba sikujua, kwamba mama yule hana kosa. Nikagusisha. Cheche ikarudi.

Watu wakazidi kusogea.

Kisha Ingutia akasimama, macho yamemtoka, akanyosha kidole kwenye mkebe ule.

"Jamani," alisema, "amemfunga humo."

Watu walirudi nyuma, wote pamoja, kama nyasi zinavyolala kwa upepo. Nilipaza sauti, nikaeleza tena, Mwalimu naye akaeleza. Mwanamke mmoja alikuwa akisema, "Umesikia alivyolia? Umesikia?" Kufikia jua kuzama, habari iliyokuwa imeenea ilikuwa hii: Fundi amemkamata Khasandi akamtia kwenye chuma, na akimchoma kwa maji ya moto ananyamaza.

Neno lile nililolisema hotelini lilikuwa na maneno tisa tu. Nililifuata mwaka mzima sikulipata. Nilikwenda kanisani nikalisema mbele ya watu. Nilikwenda dukani kwa Ingutia peke yangu, akanisikiliza akiwa nyuma ya kaunta, mkono wake kwenye mlango wa kutokea. Watu wanne waliniamini, labda watano. Mmoja wao alikuwa kwenye kundi lile la kuezua nyasi. Alikuja gerejini, akasimama mlangoni, akalia, akaenda zake.

Nilimpelekea Khasandi habari hiyo nikidhani atakasirika. Alisema, "Basi mimi niko kwenye mkebe," na akacheka, meno yake mawili yakaonekana, kisha akaacha kucheka ghafla. Hakurudi kuishi msituni. Nilimwambia nitamjengea mwenyewe, kwa mikono yangu, akasema hapana, masikio yake yamechoka. Alikufa mwaka juzi kule kule Lumakanda. Nilichimba kaburi pamoja na wengine.

Kuna jambo moja ambalo hata mama yako simwambii. Wiki moja baada ya mazishi nilikuwa narudi na gari la mteja, gari jipya, halina kasoro. Nilipofika kwenye kona ile nilizima injini kwa makusudi. Nilitaka tu ninyamaze pale kidogo kwa ajili yake. Ilikuwa saa nane mchana. Nyani walinyamaza. Halafu nikasikia majani makavu yakikanyagwa, taratibu, kutoka upande ilipokuwa nyumba, yakija, yakija, mpaka hatua chache kutoka barabarani. Yakasimama. Nilitazama muda mrefu. Sikuona mtu. Nikafungua mlango, nikashuka, nikasimama pale ili, kama kuna anayeangalia, aone aliyeshuka ni nani. Baadaye majani yakalia tena, yakirudi.

Huenda ni mnyama. Sijui.

Ndiyo, mama. Sijui. Tangu baraza lile nimelisema neno hilo kwa kila gari ambalo sijalielewa, mbele ya mwenyewe na mbele ya watu, na wengine hugeuza magari yao wakaenda kwa fundi mwingine. Utakaa karibu na vitanda vya watu, na utaulizwa mambo, na watu watakuwa wanakutazama. Sina zaidi la kusema juu ya hilo.

Najua sokoni wananiita Fundi Sijui. Najua nawe umelisikia. Siku ile uliporudi kutoka shuleni kola ya gauni imechanika na damu puani, ukasema umeanguka, Mwalimu Shivachi, aliyewaona njiani akiingia mjini, alikuwa amekwisha kunieleza ulipigana na nani na kwa jina gani. Nilikuosha uso nikanyamaza. Ningepaswa kukueleza siku ile.

Usilipiganie tena jina hilo, Mmbone. Wakikuuliza huko uendako kama wewe ndiwe binti wa Fundi Sijui, waambie ndiyo. Majina mengine yote nilipewa. Hilo nimelifanyia kazi.

Lala sasa. Taa yako bado naiona chini ya mlango.

Mimi baba yako.